Kufuatilia moshi wa nyika kutoka Tanga: uzoefu wangu na NASA Worldview

Kama unachotaka ni kujua kesho mvua itanyesha au haitanyesha, usimalizie bando lako hapa. NASA Worldview, tovuti ya shirika la anga za juu la Marekani, haitabiri kitu. Kazi yake ni kukuonyesha picha za dunia zilizopigwa na satelaiti, za leo na za nyuma hadi mwaka 2000, bure na bila kujisajili. Mimi napiga picha za anga kwa simu hapa Tanga, na kwa shughuli hiyo imenifaa sana, ila ina mambo yake.

Mara nyingi napiga nikiwa Raskazone, simu nimeielekeza bara. Hewa ikiwa safi, milima ya Usambara inaonekana mstari mzima. Ukiingia msimu wa kuchoma mashamba, milima inaanza kufifia kuanzia chini, kisha haipo kabisa, na jua la magharibi linageuka jekundu kwa sababu chembe za moshi hutawanya mwanga wa buluu na kutuachia ule mwekundu. Tatizo ni kwamba ukiwa chini hujui unatazama nini. Ni moshi, ni vumbi, au ni unyevu tu wa pwani? Na kama ni moshi, umetoka Muheza au umesafiri kutoka mbali?

Hapo ndipo picha ya juu inaposaidia. Nafungua tabaka (yaani aina ya picha ya kuweka juu ya ramani) la VIIRS, kamera iliyo kwenye satelaiti ya NOAA-20, nasogeza tarehe, navuta karibu. Wingu ni jeupe na kingo zake zinasomeka. Moshi ni wa kijivu chenye ubuluu kidogo. Unaanza mwembamba mahali pamoja halafu unatanuka kufuata upepo. Ukishauona mara moja hutauchanganya tena na wingu. Msimu wa kusi ndio umenifundisha zaidi. Kwa kuwa upepo unatoka baharini, moshi wa Handeni na Kilindi unakwenda zake bara, na sisi wa mjini tunaweza kukaa tukisema mwaka huu hakujaungua kitu, kumbe huko michirizi imejaa. Ila alfajiri, upepo wa nchi kavu ukishuka, pua inapata habari kabla ya macho.

Nilimwonyesha picha mojawapo mzee mmoja mvuvi pale Sahare. Shikamoo, marahaba, akatafuta miwani, akaitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii ya saa ngapi?" Nikamwambia ya mchana, saa saba na nusu hivi. Akanirudishia simu. "Basi hiyo imeshapitwa. Upepo umegeuka tangu alasiri."

Na kweli hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kabla ya kuisifu. Satelaiti hizi hazikai juu yetu, zinapita. NOAA-20 inapita mchana kwenye saa saba hadi saa nane, na tena usiku wa manane. Mtu akiwasha shamba lake saa kumi jioni na nyasi zikaisha magharibi, moto wake hauko popote kwenye ramani. Kwa hiyo ukiona vile vidoto vyekundu vya moto, ambavyo Worldview inavichota kwenye FIRMS, mfumo wa NASA wa kufuatilia mioto, vihesabu kuwa ni sehemu tu ya yaliyotokea. Kidoto chenyewe si ukubwa wa moto wala si mahali penyewe hasa: ni katikati ya pikseli ya mita 375 ambayo joto lake limezidi la jirani zake. Hata tanuri la kiwanda linaweza kupata kidoto.

Kuna na suala la saa, ambalo litamsumbua yeyote wa huku. Tarehe zote zinafuata saa ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Moto ulioonekana usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba na nusu, utaukuta umewekwa chini ya Jumatatu. Ukishalijua hilo, basi.

Tabaka za kila siku za Terra na Aqua, satelaiti nyingine mbili za NASA, mimi siku hizi nazitumia kwa picha za miaka ya nyuma tu. Terra ilirushwa 1999 na Aqua 2002, zimezeeka, saa zao za kupita zimesogea, na karibu na ikweta mapito yake yanaacha nafasi tupu. Unaweza kuifungua Tanga ukakuta utepe mweusi. VIIRS inaona upana mkubwa zaidi, haina shida hiyo.

Kuhusu simu: ukitaka picha yako ilingane na ya juu, piga mchana saa ile ile satelaiti inapopita, elekea upande ule ule kila siku, na funga mizani ya rangi (white balance). Ukiacha simu ijichagulie, itajitahidi kuufuta ule wekundu ikidhani ni kasoro. Ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza na kwenye simu yangu ya bei ndogo unajivuta. Kwenye kompyuta ni raha.

Kwa kimbunga siitumii kabisa. Hidaya ilipokuja Mei 2024 na kupiga Mafia, wingu lilikuwa linabadilika kila saa, na picha ya mchana mmoja haikutosha. Siku kama hizo nahamia kwenye picha za Meteosat, satelaiti za shirika la Ulaya la EUMETSAT, zinazotoka kila baada ya dakika 15, na la kuingia baharini au kutoingia naisikiliza TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.