Niliuziwa Wasio na Mwisho, na kitabu chenyewe hakina mwisho

Naanza na nyota moja kabisa, niiandike hapa juu nisije nikaisahau. Najijua. Nikianza kuhadithia nitalainika.

Ni seti ya Sandman, hadithi ya michoro ya Kiingereza, vitabu kumi, mtumba. Niliinunua kipindi kile mvua zimeshika na Jangwani hapapitiki, kwenye duka moja la vitabu ambalo silitaji kwa sababu shemeji yangu bado anafanya nao biashara. Tangazo lilisema "kamili, vimejalidiwa upya". Hela ilikuwa ya friji. Nilimwambia mume wangu friji itasubiri, akaniangalia tu, hakujibu, na mpaka leo tukinunua maziwa ananiangalia vilevile.

Nani kachora nini, karatasi ya aina gani, hayo tafuteni wenyewe. Mimi nina jambo langu moja.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia: kuna ndugu saba wanaoitwa Wasio na Mwisho. Si miungu. Miungu, humo ndani, huishi kwa kuabudiwa na hufa kwa kusahauliwa, lakini hawa saba wapo hata asipokuwepo wa kuwaamini. Kwa Kiingereza wote majina yao yanaanza na D. Kwetu ni Hatima, Mauti, Ndoto, Maangamizi, Tamaa, Kukata Tamaa, na yule kitindamimba aliyekuwa Furaha akageuka Mkanganyiko. Sasa Tamaa na Kukata Tamaa ni pacha. Waingereza wanalipata hilo kwa herufi mojamoja, sisi tumelilala nalo kwenye lugha miaka yote: mmoja ni mwenzake aliyekatwa. Nililiona nikiwa kwenye daladala pale Magomeni, nikacheka peke yangu mpaka konda akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Tena Tamaa si mwanamume wala si mwanamke, na wenye Kiingereza chao wanapata tabu wamwiteje. Sisi tunamwita yeye, tunaendelea na safari.

Mnaona? Nimeshaanza kulainika. Nirudi dukani.

Kitabu cha tisa ndicho ambacho vyote vilivyotangulia vinakwenda kumwagikia. Kinaitwa kwa jina la wale mabibi watatu wa kisasi wa Wagiriki, ambao watu waliwaita "Wema" kwa kuogopa kuwataja. Hilo halikunitaka maelezo. Bibi yangu Bagamoyo usiku hataji nyoka, anasema kamba. Kazi ya mabibi hawa ni kumfuata aliyemwaga damu ya ukoo wake, na Ndoto, bwana mkubwa anayetawala usingizi wa kila kiumbe, amemuua mwanawe. Orpheus alikuwa amebaki kichwa kitupu, hana kiwiliwili, hafi, maelfu ya miaka, akimwomba baba yake amalize. Baba akamaliza. Ni huruma, ndiyo, lakini sheria ya wale mabibi haina kifungu cha huruma.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mtego huohuo Tamaa aliutega kule mwanzo kabisa, kitabu cha pili. Alimzalisha mwanamke aliyekuwa kwenye usingizi wa miaka na miaka, ili siku moja apatikane mjukuu ambaye Ndoto atalazimika kumuua pasipo kujua kuwa ni damu yake. Ndoto akachomoka kwa tundu la sindano, akaenda kwa Tamaa kumkemea, tena kwa maneno mazito, kwamba sisi ni watumishi wa walio hai, si mabwana zao. Akaondoka kifua mbele. Vitabu vitano baadaye akaenda kufanya kwa mkono wake kilekile ambacho adui yake alishindwa kumfanyisha kwa hila. Nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi nikafika mwishoni mwa kile cha tisa usiku, watoto wamelala, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu. Ndoto ametoka kwenye himaya yake kwa sababu ameitwa na msichana mmoja wa kijini ambaye yeye Ndoto aliwahi kumwahidi kumtimizia ombi moja, na ahadi ni ahadi, ingawa kutoka ndiko kulikokuwa kubaya. Mabibi wameingia, wameua, wamevunja. Sasa yuko kwenye mwamba, dada yake Mauti amemfuata. Mauti wa humu si mifupa na panga. Ni dada mchangamfu mwenye alama ya uhai ya Wamisri kifuani, yule dada wa kila familia ambaye ndiye peke yake anayeweza kumwambia kaka yake ukweli akasikilizwa. Wanaanza kuzungumza. Nikafunua ukurasa.

Jalada.

Nikarudi nyuma. Nikafunua tena, nikilamba kidole, nikidhani zimegandana. Jalada. Nikamulika kwenye mshono, nikaona gundi imepakwa vizuri, safi, fundi kajivunia kazi yake. Karatasi za mwisho hazimo. Zilidondoka wakati wa kujalidi, zikafagiliwa, labda zikafungia karanga. Vitabu tisa nimesoma, miezi, nyusi za mume wangu zimenipanda juu kila jioni, na mwamba ule nimeachwa nao hewani.

Kesho yake, au keshokutwa, nikakipeleka.

Kijana wa dukani, wa kama ishirini na tatu hivi, simu mkononi, hakuiweka chini. Nikamwonyesha mshono. Akasema, "Pole, dada." Nikamwambia kurasa za mwisho hazimo. "Pole sana." Nikamwambia tangazo lenu lilisema kamili. Akaniangalia, akaangalia kitabu, akaniangalia tena. "Ila dada, hizi si katuni? Mama mzima?" Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mkoba mzito na nilijua ningefanya nao nini. Naye akaona nimenyamaza, akadhani amenisaidia, akagusagusa simu yake, akasoma kidogo, kisha akainua uso ana furaha kama aliyepata chenji. "Anakufa," akasema. "Si ndiyo ulitaka kujua? Anakufa. Sasa kitabu unakirudisha cha nini?"

Nimekaa na sentensi hiyo tangu siku ile.

Kijana, kwamba anakufa nilijua. Kila anayesoma anajua tangu kitabu cha saba, Ndoto mwenyewe anajua, na Hatima, yule kaka yao mkubwa kipofu aliyefungwa mnyororo na kitabu chake, alijua kabla hakujawa na kujua. Huyo Hatima ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, maana watu wanamdhania mpangaji kumbe ni msomaji tu. Hafuti, haongezi neno, anafunua ukurasa na yaliyoandikwa yanatokea. Lakini ana kurasa zake zote! Ajali haina kinga, sawa, tunazikana kila wiki kwa msemo huo, lakini hakuna aliyewahi kumzuia mfiwa asiuage mwili kwa hoja kwamba habari za msiba ameshazipata. Nilichokinunua ni namna anavyokufa.

Jambo jingine ni hilo "pole". Alilisema mara nne, nilihesabu. Pole anaambiwa hata aliyejikwaa barabarani na mtu ambaye hakumgusa. Pole haina mwenye kosa. Mimi nilikuwa nasubiri samahani, neno moja, silabi nne, wala sikuwa nimefikia kudai hela.

Hapo ndipo nikakumbuka Nada, na hasira ikahamia mahali pengine kabisa. Afadhali niseme ukweli: tangu hapo sijui vizuri nyota hizi nawanyima nani, duka au Ndoto.

Nada ni malkia wa Kiafrika, wa mji wa vioo katikati ya jangwa, zamani za zamani. Akampenda mgeni asiyemjua, ndege mnana akaenda mpaka kwenye jua kumletea tunda la kumtafutia huyo mgeni, akaungua, na ndiyo maana manyoya yake si meupe tena. Kumbe mgeni ni Ndoto. Malkia alipojua akakataa, kwa sababu mtu kupendana na hao ni balaa, na balaa likaja kweli, jua likauteketeza mji. Akajitupa kwenye jabali. Bwana akamfuata hukohuko mautini na ombi lake, akakataa tena. Kwa kukataliwa, bwana akamtupa motoni. Miaka elfu kumi. Katika kitabu cha kwanza anapita jehanamu kwa shughuli zake nyingine, anamkuta, na anamwambia bado anampenda ila hajamsamehe. Yeye ndiye hajamsamehe! Nilikirusha kitabu, kikatua kwenye kapu la nguo, wala sikujuta.

Kitabu cha nne, Hatima anawaita ndugu zake kwenye chakula, Tamaa anamchokoza Ndoto mezani kuhusu Nada, bwana ananuna, anatoka nje. Mauti anamfuata, na mimi nilitegemea ambembeleze. Anamwambia kwamba safari hii Tamaa ana haki. Ndoto anakwenda jehanamu kumtoa, anakuta Lusifa amechoka kazi, anafukuza watu, anafunga milango, na anamkabidhi ufunguo. Hapo ndipo wanapomiminika wenye kuutaka: Odin na Thor, Anubis na Bast wa Misri, Susano-o-no-mikoto wa Japani, na mjumbe wa Utaratibu ambaye ni boksi la karatasi. Ni ukumbi mzima wa wenye enzi wanaopigania shimo la moto, kila mmoja na hongo yake. Kitabu hicho peke yake nyota tano, hata sita, na aliyekijalidi hakukigusa vibaya.

Halafu mwishoni, kwa Nada, bwana anaomba radhi. Yaani anajaribu. Mara ya kwanza anazungukazunguka maneno, kwamba huenda alimkosea. Huenda! Akazabwa kibao. Mimi peke yangu sebuleni nilipiga kofi. Ndipo akaisema sawasawa. Mwenye uwezo wa kufanya bahari kwa kuiwaza tu, neno hilo lilimchukua miaka elfu kumi na kibao kimoja.

Kuna kitu kingine kuhusu Nada ambacho kinanikereketa, nacho si kosa la duka. Hadithi yake inasimuliwa na babu kwa kijana aliyetoka kutahiriwa, jangwani, kama hadithi ya wanaume. Mwishoni tunaambiwa kwamba wanawake wa kabila hilo wana ya kwao, wanaisimulia wao kwa wao kwa lugha yao, na huenda humo mambo yalikwenda vingine. Basi, hadithi ikaishia hapo. Somo yangu aliyenifunda angecheka sana. Aliyeyaona maisha ya unyago anajua kabisa kuna toleo ambalo babu halijui, na kwamba katika toleo hilo malkia hakujitupa kwa sababu hizo. Nikitafakari hivyo naona kumbe hata kile kitabu kizima kizima kilikuwa na kurasa zilizodondoka.

Nisiwe mwongo, zile za kwangu nimezipata. Binamu yangu aliyeko Toronto alikiazima kitabu cha tisa maktaba akanipigia picha ukurasa kwa ukurasa, akanitumia WhatsApp, na kidole gumba chake kimo katika kila picha. Kwa hiyo Ndoto na Mauti waliposhikana mikono mimi niliona mikono mitatu, mmoja una rangi ya kucha iliyobanduka. Nililia hivyohivyo. Nililia zaidi, nadhani. Ndugu mwenye kukushika mkono ndiyo hiyo picha yenyewe, na gumba lilikuwepo.

Kwa hiyo sijui. Seti nisiinunue? Ningeinunua tena, friji ingesubiri tena. Vitabu tisa ni vizima na nimeshaanza upya cha kwanza, na safari hii kila Tamaa anapotokea kwenye kona ya ukurasa na tabasamu lake nasoma polepole kwa woga. Ila ukienda pale hesabu kurasa kabla ya kutoa hela, hasa za mwisho, na usimwambie yule kijana umefikia wapi.

Juzijuzi alinipigia. Wamezipata karatasi! Zilikuwa kwa fundi, chini ya meza, hazijafungia karanga. "Pole kwa usumbufu, dada, njoo na kitabu tukubandikie." Nikamuuliza ana neno jingine la kuniambia. Akafikiri, nilimsikia akifikiri, akasema, "Tunafunga saa kumi na moja."

Nyota tatu. Hapana, mbili. Ya tatu iko kwangu, akisema samahani naipeleka mwenyewe.