Kabla hujanunua kafi la kayaki, kagua kiungo cha katikati

Malalamiko ninayoletewa kuhusu makafi ya kayaki yanafanana: kafi halijamaliza hata msimu, tayari linacheza mkononi. Anayelalamika huwa amepima urefu, amelinganisha uzito, hata rangi amechagua. Alichokiruka ni kiungo cha katikati, pale vipande viwili vya mpini vinapochomekana.

Urefu sitaupigia kelele. Sentimita 220 hadi 230 zinawatosha wengi wenye kayaki za matembezi. Bapa nalo, ile sehemu pana inayosukuma maji, kama safari zako ni ndefu na za polepole, chukua jembamba, pana litakuchosha mabega.

Kiungo ndicho chenye maneno. Ukivuta kulia mpini unajisokota huku, ukivuta kushoto unajisokota kule. Kukiwa na upenyo mdogo tu mle ndani, kila pigo linaanza na "tak!" Kitufe kinachofunga vipande viwili kinakula tundu lake, tundu linapanuka, na mabapa hayakai tena kwenye pembe uliyoyapangia. Unajikuta unaubana mpini ili usiteleze, na jioni kifundo cha mkono kinauma. Sisi wa maji chumvi tuna balaa jingine: chumvi na mchanga vikiingia kwenye kiungo cha alumini, vipande vinagandana. Nimeona watu wazima wawili pale Kilifi wakivutana kafi moja kama kamba, na halikuachia.

Kwa hiyo liunganishe palepale dukani. Shika mpini huku na huku ya kiungo, sokota mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Likicheza, rudisha.

La kwanza kwangu ni Werner, na upendeleo wangu siufichi. Kampuni hiyo ya jimbo la Washington, Marekani, imekuwepo tangu 1965, na kiungo chake kinaingia kwa kubana, hakichezi. Camano, lenye mabapa ya faibaglasi, ndilo ningemnunulia dada yangu. Mfuko ukikataa, chukua Skagit: mabapa ni ya nailoni iliyotiwa nyuzi, na bei yake ni karibu nusu ya Camano.

La pili ni Sting Ray la kampuni ya Aqua-Bound, wenye kiungo wanachokiita Posi-Lok. Imara, jepesi, sina neno nalo.

Ya alumini ya bei rahisi yafaa kuwekwa akiba. Basi.

Lolote utakalochukua, likitoka baharini litenganishe, suuza kiungo kwa maji ya bomba na usipake grisi, maana inashika mchanga.

Sasa wauzaji. Tangazo linaandika "karboni" kwa herufi kubwa, kumbe karboni ni mpini tu, mabapa nailoni. Nailoni si aibu, kwa nini wasiseme? Ukiomba picha ya kiungo unatumiwa picha ya bapa. Muuzaji mmoja aliniambia kulegea "kutakaa sawa likizoea". Tundu lililolika haliwezi kujaa tena! Kafi la kipande kimoja lingetuondolea adha hii yote, lakini kusafirisha mzigo wa zaidi ya mita mbili kunatoza pesa nyingi, ndiyo maana tumebaki na haya ya kuchomeka. Angalau basi wangetuletea vipuri. Kitufe chenye springi ni kidude kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili, lakini kikivunjika unaambiwa ununue kafi zima.