Geji ya presha ya dizeli kwenye lori: ipi ununue kama kazi yako ni kupandisha milima ya Nyanda za Juu Kusini

Wadau wa malori wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, hii ni kwa yule anayetaka kufunga geji ya presha ya dizeli na akifika dukani hajui aombe nini. Msimamo wangu nausema mapema. Nunua ya umeme ya volti 24 yenye sensa yake. Hela ikibana chukua ya mshale yenye maji (gliserini) ndani, uifunge nje ya kebini. Ile ya kuvuta mpira wa dizeli mpaka kwenye dashibodi usiichukue hata ukipewa bure.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Dizeli inavutwa kutoka tanki na lift pampu, inasukumwa ipite kwenye filta, halafu ndo inafika kwenye injekta pampu, ile inayoipeleka kwenye nozo. Geji yetu inakaa hapo katikati, upande wa presha ndogo, na lori nyingi za huku upande huo zinacheza kwenye bar (kipimo cha presha) 1 mpaka 6 hivi, inategemea injini. Kule mbele kwenye gari za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote, presha inafika bar 1,600, nyingine 2,000 na zaidi, huko hakuna kugusa wala kulegeza nati injini ikiwa inawaka, maana dizeli ya presha ile inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu akipigwa nayo hata kama anaona kitundu kidogo tu na hakiumi, ni hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kesho.

Kwa nini huku kwetu geji hii ni ya lazima kuliko kwa mtu wa pwani? Kwenye tambarare lori lenye filta iliyoziba nusu linatembea tu, tena vizuri, kwa sababu injini haihitaji dizeli nyingi. Sasa anza kupanda Kitonga na mzigo wa kwenda Tunduma, au toka Kyela upandishe Tukuyu mpaka Isyonje, mafuta umekanyaga mpaka mwisho na bado gia unashusha tu. Hapo ndo injini inadai dizeli yote na filta haipitishi, presha inaanguka, gari inakosa nguvu. Dereva anapiga simu anasema turbo imekufa, fundi akifika anashusha nozo, tajiri anatoa hela, mzigo wa viazi unaharibika barabarani, na kumbe tatizo ni filta au mpira wa kunyonya unaovuta hewa. Geji ingekwambia kabla hujafika nusu ya mlima.

Na siyo nguvu tu. Injekta pampu nyingi zinapozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, ikipita kidogo pampu inajila. Marekani wenye pikapu za Dodge Ram za injini ya Cummins za kuanzia 1998 mpaka 2002, zile zenye injekta pampu aina ya VP44, hili wanalijua kwa uchungu, lift pampu ikichoka na VP44 nayo inafuata, ndo maana kwenye gari zile geji ya presha ya dizeli ni kati ya vitu vya kwanza mtu anafunga. Lori letu siyo Dodge ila kanuni ni ile ile.

Haya, tuje kwenye kununua.

Namba moja, geji ya umeme yenye sensa. Sensa inakaa kule upande wa injini, kebini unaingia waya tu, kwa hiyo hakuna tone la dizeli linalofika alipo dereva, na dereva anaona mshale hapo hapo mlimani wakati gari inateseka, ambako ndo kipimo kina maana. Ukubwa wa kawaida ni milimita 52, unapata sehemu ya kuichomeka kirahisi. Hapa watu wanaliwa kwenye mambo matatu. La kwanza volti, lori letu ni volti 24 na geji nyingi zinazoletwa kwa ajili ya gari ndogo ni 12, ukiifunga inaungua, na usikubali fundi akwambie tutachukua moto kwenye betri moja kati ya mbili, hivo betri zinachajiwa bila uwiano na moja inakufa mapema. La pili, geji na sensa lazima ziwe za familia moja. Sensa za mtindo wa VDO (kampuni ya geji) zinakwenda ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 mpaka 180 hivi, za Kimarekani zinaanzia 240 zinashuka mpaka 33, ukichanganya mshale utasoma uongo mtupu, tena kinyumenyume, presha ikipanda wenyewe unashuka. Nunua zote mbili pamoja, kwenye boksi moja. La tatu ni kipimo cha juu cha geji. Kama injini yako kawaida yake ni bar 2 chukua ya 0 mpaka 4, kama ni bar 5 chukua ya 0 mpaka 10, unataka mshale wa kawaida ukae katikati ya uso. Mtu anafunga geji ya bar 25 kwenye injini ya bar 2, sasa ataona nini?

Angalia pia usije ukapewa geji ya presha ya oili ukadhani ndo yenyewe kwa sababu muuzaji amesikia "mafuta". Sema dizeli.

Namba mbili ni geji ya mshale yenye maji, yaani uso wa milimita 63 uliojazwa gliserini. Haina waya, haina fyuzi, bei yake ni ndogo kuliko ya umeme, na ile gliserini inatuliza mshale usitetemeke kwa mtikisiko wa injini. Inafungwa kwenye kichwa cha filta au kwenye chesisi na mpira mfupi. Ubaya wake ni kwamba unaisoma gari ikiwa imesimama, na gari iliyosimama inasailensi (inawaka bila kukanyaga resi) ikisoma vizuri haijakuthibitishia kitu. Kuna mafundi wanavuta mpira mrefu kwa nje mpaka kwenye mkono wa saitimira ili dereva aione kwa kioo akiwa anapanda, kwa kupima safari moja nakubali, kuiacha hivo moja kwa moja hapana.

Na hizi za maji zina jambo moja ambalo ukiwa Dar halikusumbui ila huku linakusumbua. Nyingi zinakuja zimezibwa kabisa, na ndani kuna hewa ya kule ilikojazwa, mara nyingi usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe ni juu zaidi, hewa ya huku ni pungufu kama bar 0.2 ukilinganisha na pwani, na geji iliyozibwa itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Kwenye injini ya bar 5 hilo halina shida, lakini kwenye injini ya pampu ya zamani inayofanya kazi na bar 1 na kitu, hiyo ni kama sehemu moja kati ya tano, unaweza kununua lift pampu mpya bila sababu. Dawa yake ni rahisi. Juu ya geji kuna kizibo kidogo cha mpira, ukishaifunga ikiwa imesimama wima kata kile kichuchu chake au kigeuze kwenye alama ya kufungua, hewa iingie. Ukikata kabla hujaifunga na kuilaza, gliserini yote inamwagika.

Namba tatu, taa ya onyo na swichi ya presha. Haikupi namba, inawaka tu presha ikishuka chini ya kiwango. Kwa tajiri mwenye lori kadhaa na madereva wanaobadilishana hii siidharau hata kidogo, maana dereva aliyechoka saa nane usiku pale Igawa haangalii mshale ila taa nyekundu ataiona, na ukiweka na baza ndo kabisa. Kama una uwezo, funga geji ya umeme na hii pamoja.

Gari za kisasa nyingi zina sensa yake ya presha ya dizeli, fundi wa dayagnosi anaisoma kwenye mashine. Muulize kwanza kabla hujanunua chochote, inawezekana kitu unacho tayari.

Ya mwisho kabisa ni ile ya mshale ya kufunga ndani ya kebini na mpira wa dizeli unaopita chini ya miguu ya dereva. Mpira ukichubuka au nati ikilegea, una dizeli yenye presha ndani ya kebini, juu ya waya za umeme, na mtu amelala kitanda cha nyuma. Ipo aina yenye kitenganishi, dizeli inaishia kwenye injini na kinachoingia ndani ni maji ya kupozea, hiyo ni salama, ila ukishalipa bei yake bora uongeze ununue ya umeme.

Kuhusu kufunga, sehemu sahihi kama una geji moja ni baada ya filta, kabla ya injekta pampu, hapo inakuonyesha lift pampu na filta kwa pamoja. Lori nyingi pale zina bolti ya banjo, yaani bolti yenye tundu ndani linalopitisha dizeli, tafuta ile yenye tundu la kuchukulia presha na ubadilishe washa za kopa, za zamani usizirudishe. Peleka bolti yako dukani uilinganishe meno kwa mkono, kuna nyuzi za BSP (za Kiingereza) na za NPT (za Kimarekani) ambazo zinashikana mizunguko miwili halafu zinavuja. Sensa usiifunge moja kwa moja kwenye injini, mtikisiko na mapigo ya pampu vinaiua, weka mpira mfupi wa kuhimili dizeli, siyo wa maji, na kipunguza mapigo mbele yake. Ukishaitoa kwenye injini hivo kumbuka sensa ya waya mmoja inapata asi (negativu ya umeme) kupitia mwili wake, kwa hiyo ivutie waya wa asi au nunua ya waya mbili. Thredi tepu iache, vipande vyake vinaingia kwenye mfumo, tumia gundi ya nyuzi na meno mawili ya mbele yaache makavu. Ukimaliza toa hewa kwa pampu ya mkono, washa, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila maungio.

Halafu weka filta mpya siku hiyo hiyo, soma mshale ukiwa sailensi, ukiwa na resi, na ukiwa mlimani na mzigo, andika namba zote tatu kwa makapeni pembeni ya geji pamoja na kiwango cha chini kinachotajwa kwenye kitabu cha injini yako. Siku namba ile ya mlimani ikianza kushuka na hizi mbili nyingine ziko pale pale, badilisha filta kwanza. Ikishuka na mshale unachezacheza, kagua mipira ya upande wa kunyonya. Zikishuka zote tatu na filta ni mpya, hapo ndo uanze kuulizia bei ya lift pampu, na ukague na valvu ya ritani (inayorudisha dizeli kwenye tanki), springi yake ikilegea inakudanganya hivo hivo.