Picha za Uyole: Ng'ombe Abebaye Mvua

Pale Uyole, jijini Mbeya, barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, kuna kibanda cha mbao ambamo mzee mmoja, fundi magari wa zamani ambaye hakuwahi kufundishwa sanaa, huuza picha anazochora mwenyewe. Humo utamkuta ng'ombe mweupe mwenye mabawa ya majani ya mgomba akibeba mvua kutoka mlima Rungwe, kinyonga mkubwa akilinda maji ya Ziwa Ngosi, na marehemu wakipita sokoni usiku na taa za chemli mikononi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba ulimwengu huu, pamoja na maajabu yake yote, una sheria zisizovunjwa. Vivuli ni vya wafu tu, walio hai hawana. Ng'ombe hatazami magharibi kamwe. Na kinyonga, hata picha nzima ikiwa ya kijani, hubaki mwekundu. Nilipomuuliza mzee kama hizi ni hadithi za wazee wa Kinyakyusa, alikataa, akasema ni mambo yake mwenyewe, kisha akaendelea kuosha brashi. Ukizitazama picha kadhaa kwa pamoja unaona kisa kimoja kikiendelea kutoka ubao hadi ubao, na kwa sababu hiyo ningemshauri mnunuzi achukue mbili au tatu.

Mzee hutumia hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, vifaa vilevile alivyoanza navyo mchoraji Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, ingawa Tingatinga aliacha nafasi tupu nyuma ya wanyama wake, ilhali huyu hamalizi picha mpaka kila kona iwe na jicho, jani au tone la mvua. Kuku anaweza kuizidi nyumba kwa ukubwa, nami sioni kasoro hapo, kwa kuwa kila kitu kimepewa ukubwa unaolingana na uzito wake katika kisa.

Twiga wadogo wanaopangwa mlangoni kwa ajili ya wapita njia, kwa kweli, wamechorwa bila moyo. Bei ya shilingi 40,000 kwa picha ndogo na 150,000 kwa kubwa ni ya haki, lakini fremu za paina hutengenezwa mbao zikiwa bado mbichi, nazo hujipinda mapema zinapokauka. Omba picha bila fremu, upunguziwe bei, kisha mpelekee seremala unayemwamini.