Avast ya bure juu ya Windows 7: uzoefu wangu kwenye kompyuta ya steshenari

Nianze na mashine yenyewe, kwa sababu antivairasi ile ile inaweza kuwa nzuri kwenye kompyuta moja na mzigo kwenye nyingine. Hii ni Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4, diski ngumu ya kawaida na Windows 7 Professional ya biti 64. Kazi yake ni kuchapa, kuskani vitambulisho na kuprinti kazi za wateja wanaoingia na flashi mkononi. Bado iko kazini kwa sababu skana yake haina draiva ya Windows 10, na wenye steshenari wengi wanaujua mkwamo huo. Antivairasi iliyomo ni Avast Free Antivirus.

Kwa anayetaka jibu la haraka: kwa virusi vya flashi inafanya kazi yake vizuri. Kwa mambo ya benki, barua pepe za ofisi na nywila za maana, usiitegemee wewe wala jirani yako. Shida haiko kwa Avast, iko chini yake.

Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya bure vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na mashirika yaliyolipia muda wa ziada nayo yakafika mwisho 10 Januari 2023. Antivairasi hukagua faili na mwenendo wa programu. Tundu lililomo ndani ya Windows yenyewe haina namna ya kuliziba. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili na kudai malipo, kilionyesha hilo waziwazi: kiliingia kupitia SMBv1, ile njia ya zamani ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao, kwa mlango namba 445, bila mtu kufungua kiambatisho wala kubofya chochote. Kiraka chake, MS17-010, kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo haijasasishwa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya antivairasi hayalisemi. Programu ile ile yenye nembo ile ile ina nguvu ndogo ikiwa juu ya Windows 7 kuliko juu ya Windows 10. Windows 10 ina AMSI, kipengele kinachoiwezesha antivairasi kuisoma skripti ya PowerShell baada ya kufumuliwa, pale inapotaka kutekelezwa. Windows 7 haina. Utaratibu wa kuipakia draiva ya antivairasi kabla ya draiva nyingine wakati kompyuta inawaka ulianza na Windows 8, na ulinzi wa kuzuia programu nyingine isiizime huduma ya antivairasi ulianza na 8.1. Kwa hiyo kirusi kikishapata haki za msimamizi kwenye Windows 7, kuinyamazisha antivairasi si kazi ngumu. Ndiyo maana akaunti inayotumiwa na anayehudumia wateja lazima iwe ya kawaida, na ya msimamizi ibaki na nywila yake pembeni.

Sasa usakinishaji. Hapa ndipo wengi wanakwama, halafu wanailaumu antivairasi. Andika winver kwenye Start. Ukiona "Build 7600", huna Service Pack 1 na usiendelee na lolote kabla ya kuiweka. Inayotakiwa ni "Build 7601: Service Pack 1". Avast wenyewe wanataka Windows 7 SP1 yenye Convenience Rollup (furushi kubwa la viraka vilivyotoka baada ya SP1) au zaidi, yaani KB3125574 ya 2016; KB na namba ndiyo jina la kila sasisho la Microsoft. Hiyo haiji kwa Windows Update. Inachukuliwa kwenye Microsoft Update Catalog, na ya biti 64 ina karibu MB 480, kwa hiyo ipakue kwenye kompyuta nyingine yenye bando la kutosha kisha ihamishe. Kabla yake weka KB3020369, la sivyo itakataa kuingia.

Baada ya hapo weka KB4490628, uwashe upya, halafu KB4474419, uwashe upya tena. Hizi mbili ndizo zinazoifundisha Windows 7 kuzitambua sahihi za SHA-2, yaani muhuri wa kidijitali unaothibitisha nani ametengeneza programu. Zamani programu zilisainiwa kwa SHA-1. Siku hizi draiva za antivairasi husainiwa kwa SHA-2, na Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva ambayo sahihi yake haiitambui. Dalili yake inachanganya watu: antivairasi inasakinika hadi mwisho, ikoni inatokea, lakini kinga ya wakati wote inabaki imezimwa, na ukibonyeza "washa" inajizima tena. Wengine wanakutana na kosa 577 au 0xc0000428. Kufuta na kuweka upya hakusaidii kitu mpaka masasisho hayo yawepo. Na Windows Update yenyewe haitaunganika bila hayo, maana njia yake ya SHA-1 ilifungwa 2020. Ndipo lile kosa la 80072EFE linapojitokeza kwenye Windows 7 iliyopigwa upya.

Mwisho weka KB4534310, furushi la Januari 2020, ambalo lina kiraka cha WannaCry na cha BlueKeep (tundu la Remote Desktop, huduma ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali) kwa pamoja. Usishtuke picha ya mezani ikigeuka nyeusi tii: furushi hilo lilikuwa na kasoro hiyo kwa picha zilizowekwa kwa mtindo wa "Stretch", na KB4539602 inairekebisha. Au badilisha mtindo wa picha tu, umalize.

Kama kuna antivairasi ya zamani, iondoe kwanza kwa zana ya kuondolea ya kampuni iliyoitengeneza, ukiwa kwenye Safe Mode, hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu. Bonyeza F8 kabla nembo ya Windows haijatokea. Antivairasi mbili zikikaa pamoja zinagombania kila faili linalofunguliwa, na kompyuta inaweza kuganda ikiwa bado inawaka. Windows Defender iliyokuja na Windows 7 isikudanganye, ile ilikuwa ya kuzuia programu za kijasusi tu. Microsoft Security Essentials ndiyo iliyokuwa antivairasi kamili, lakini Microsoft iliacha kuitoa kwa wanaotaka kuisakinisha upya Januari 2020.

Wakati wa kuisakinisha Avast usibonyeze kile kitufe kikubwa. Chagua "Customize" na ubakize kinga ya mafaili, ya mwenendo na ya wavuti. VPN, kisafishaji, kivinjari chao na vingine vya aina hiyo vyote toa alama. Kwa RAM ya GB 4 tofauti inaonekana kabisa pale Word inapofunguka. Kwa GB 2 inavumilika kama hufungui kivinjari. Kwa GB 1, acha. Ukitaka kweli kompyuta ya aina hii ichangamke, SSD ndogo ya SATA itakusaidia kuliko kubadilisha antivairasi mara tatu.

Ukimaliza, ingia kwenye sehemu ya faragha ya mipangilio uzime kila kinachohusu kushirikisha data. Siyo hofu ya bure: Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu data za matembezi ya watumiaji mtandaoni ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa 2020. Kwa hiyo kiongezi chao cha kivinjari sikiweki. Na madirisha ya kukushawishi ununue toleo la kulipia yatakuja. Programu za bure karibu zote zinaishi kwa hayo. Washa "Silent Mode" ukiwa na wateja.

Bando ni habari nyingine. Windows 7 haina ile alama ya kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ilianza na Windows 8. Ukiwasha hotspot ya simu, antivairasi inaona mtandao kama mwingine wowote na inaanza kuvuta. Weka masasisho ya programu yawe ya kuuliza kwanza, na ya orodha ya virusi yabaki ya kujiendesha, kwa sababu antivairasi yenye orodha ya mwezi uliopita haina kazi hapo. Kama kompyuta haiunganishwi kabisa, Avast wana faili la orodha unaloweza kulipakua kwingine na kulileta kwa flashi safi.

Masasisho yakikataa bila sababu, angalia saa kabla ya kugusa kitu kingine. Kompyuta za umri huu betri ya ubao mama imeshachoka, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, na antivairasi inasema tu imeshindwa kusasisha. Betri ni CR2032, ile ya mviringo kama kifungo, bei yake haimshindi mtu.

Nije kwenye flashi. Kirusi cha kawaida kwenye meza hizi ni kile cha shotikati: mteja anachomeka, anakuta folda zake zote zimekuwa shotikati, au kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Mafaili hayajafutwa. Yamefichwa, mara nyingine ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu. Avast inaishika shotikati na skripti iliyo nyuma yake pale pale flashi inapofunguliwa, na kwa hilo naipa alama zote. Lakini haiyafichui mafaili ya mteja, na mteja anaondoka akilalamika kwamba kompyuta yako imemlia kazi zake. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize, halafu mfungulie aone. Vilevile nenda Folder Options uondoe alama kwenye "Hide extensions for known file types", ili barua.doc.exe ionekane ilivyo.

Kuna hatua moja ya bure inayozuia zaidi ya antivairasi yoyote kwa virusi hivi, kwa sababu vingi vyake ni skripti za .vbs zinazoendeshwa na wscript.exe. Fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza DWORD (mpangilio wenye thamani ya namba) iitwayo Enabled uipe thamani 0. Kuanzia hapo skripti hizo hazitembei hata zikibofywa. Gharama yake ni kwamba slmgr, inayotumika kuangalia uhalali wa Windows, nayo ni .vbs na itagoma, pamoja na baadhi ya programu za kusakinisha printa. Rudisha kuwa 1 unapofanya kazi hiyo, kisha 0 tena.

SMBv1 nayo ifunge. Kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Parameters weka DWORD iitwayo SMB1 yenye 0, uwashe upya. Itakachovunja ni fotokopi ya zamani inayotuma skani moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta, na kushirikiana na mashine yenye Windows XP. Kama fotokopi yako ni ya hivyo, iskani kwenda kwenye flashi. Zima pia "Remote Desktop" kama huitumii; BlueKeep ilipita huko.

Kuhakikisha kinga inafanya kazi kweli, tumia faili la majaribio la EICAR. Ni mstari wa herufi 68 ambao antivairasi zote zimekubaliana kuuchukulia kama kirusi, na hauna madhara. Ubandike kwenye Notepad, uhifadhi. Faili likikaa kimya bila onyo lolote, rudi kwenye habari ya SHA-2 hapo juu.

Kivinjari tumia Firefox ESR 115, toleo la mwisho kwa Windows 7. Chrome iliishia 109 mwanzoni mwa 2023, na ukiikuta bado imewekwa, iondoe.

Kitu cha mwisho ni hizi "activator", programu za kuifanya Windows au Office ionekane imelipiwa bila leseni. Avast itaikamata KMSpico na ndugu zake, na fundi atakwambia uizime kwanza au uiongeze C:\ yote kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Ukifanya hivyo umeshamaliza; unayo ikoni tu. Angalia orodha hiyo kwenye mipangilio kila kompyuta inaporudi kwa fundi, na uifute yote usiyoiweka wewe.

Kwa wenye Windows XP au Vista: toleo la mwisho la Avast kwao ni 18.8. Mashine hiyo ichomolewe kwenye mtandao kabisa, na flashi ipitie kwanza kompyuta nyingine.