Nimeendesha Ford Model T kule Michigan: uzoefu wangu

Kwa miaka kumi nilikuwa dereva wa Land Rover ya hospitali moja huko Makete, Tanzania. Anayeijua barabara ya Makete ya zamani mwezi wa nne hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, jembe na mnyororo vilikuwa sehemu ya gari kama ulivyo usukani, na kulala njiani ukisubiri trekta halikuwa jambo la kusimulia. Sasa naishi Grand Rapids, Michigan, huu mwaka wa saba. Naendesha otomatiki kwenye lami iliyonyooka, na mara nyingi nafika kazini sikumbuki hata kona moja niliyokata.

Mwezi wa sita nilikwenda kwenye somo la kuendesha Ford Model T, lile gari la zamani la Marekani lililotengenezwa kati ya 1908 na 1927. Tangu nifike nchi hii sijalipia kitu kilichonigusa kama hiki, na sijasikia Mswahili mwenzangu wa huku akikitaja. Ndiyo maana naandika.

Somo linatolewa na Gilmore Car Museum, kijiji cha Hickory Corners, kati ya Kalamazoo na Battle Creek. Kutoka kwetu ni kama saa moja, mahindi na soya kushoto na kulia. Makumbusho yalifunguliwa 1966 na eneo lake ni kubwa: mabanda ya shamba yaliyojaa magari, kituo cha mafuta cha mtindo wa miaka ya 1930, vitu vingi. Ukitaka kuviona vyote wahi asubuhi. Mimi nilivipita mbiombio, nilikuwa na gari moja tu kichwani.

Nilikwenda na binti yangu wa miaka 19, ambaye leseni yake haijamaliza mwaka. Walimu ni wazee waliokaa na magari haya miaka mingi, na subira yao ni ya kusifiwa. Kwanza wanakukalisha wanakueleza historia na namna gari linavyofanya kazi, halafu wanakupakia uone mwalimu anavyofanya, ndipo unapewa usukani. Hakuna anayekuharakisha.

Nilipoambiwa niingie nikazunguka upande wa kushoto, upande wa dereva, nikapapasa kitasa. Hakuna. Kinachoonekana kama mlango ni mstari uliogongwa kwenye bati tu. Unaingia kulia kwa abiria, unajisogeza kwenye benchi mpaka ufike nyuma ya usukani, magoti yakigusa kila kitu. Tangi la petroli liko chini ya benchi hilo hilo unalokalia, na kujua mafuta yaliyobaki unainua kiti unachovya kijiti.

Sasa miguu. Pedali ziko tatu, na ukidhani unazijua zitakuadhibu. Ya kulia ni breki. Ya kati ni rivasi. Ya kushoto ndiyo gia: ukiikanyaga mpaka chini uko gia ndogo, ukiiachia yote juu uko gia kubwa, na katikati ya safari yake ni frii. Resi hakuna mguuni. Ni kijiti kidogo kulia chini ya usukani, unakivuta kwa vidole. Kijiti cha kushoto ni taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, unaichelewesha wakati wa kuwasha na kuiwahisha gari likishachanganya. Mkononi kuna wenzo wa breki ya magurudumu ya nyuma, nao ukivutwa unaliweka gari frii. Miguu miwili na mikono miwili, vyote vina kazi kwa wakati mmoja.

Kuwasha, mwalimu alituonyesha kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Magari haya yalianza kupata stata ya umeme 1919. Kabla ya hapo ilikuwa mkono wako na Mungu wako. Mkono wa kushoto, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizungushwe kwenye hendeli, na unavuta kwenda juu. Taimingi ikiwa imewahi, hendeli inarudi kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Land Rover yetu nayo ilikuwa na hendeli, na fundi wetu alinifundisha gumba hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, nikiwa kijana wa miaka 24. Nilisimama pale kwenye nyasi za Michigan nikamsikia kabisa.

Nikaondoka vizuri. Gia ndogo inalia kama mashine ya kusaga, gari linatetemeka mpaka mashavuni, ukiachia pedali linatulia na kuanza kukimbia. Injini yake ni ya nguvu za farasi 20 tu, na likikazana linafika kama kilomita 65 au 70 kwa saa, lakini kilomita 25 ukiwa juu ya kiti kile, bila mlango, upepo usoni, zinatosha kabisa. Kona ya kwanza nikaipata. Kona ya pili kulikuwa na watu wanavuka. Mguu wangu wa kushoto, wenye miaka ishirini ya klachi, ukaenda chini mpaka mwisho. Gari badala ya kuachia likaingia gia ndogo na kuvuta mbele. Mwalimu alikuwa ameshaweka mkono kwenye wenzo. Likasimama mita nyingi kabla ya wale watu. Aliniambia kwa upole kwamba madereva wazoefu ndio wanaopata shida hii, kwa kuwa miguu yao imeshajifunza kitu kingine.

Binti yangu, ambaye hajawahi kukanyaga klachi maishani, aliendesha raundi yake yote bila kukosea. "Baba, mbona rahisi?" akaniambia akishuka. Kwa hiyo usiogope kama hujui gia za mkono. Huenda ukawa mwanafunzi bora.

Baada ya zamu yangu nikaomba kuchungulia chini ya gari. Hapo ndipo nilipolielewa.

Chini ya uvungu kuna nafasi ya kama sentimita 25. Mbele kuna springi moja tu, imelala kwa upana wa gari, na nyuma vivyo hivyo, kwa hiyo ekseli moja inaweza kuinama kushoto na nyingine kulia, magurudumu yote manne yakabaki yanagusa ardhi. Gari lote lina uzito wa kilo 540 hivi, wanaume wanne wanaweza kulinyanyua pembe moja kutoka shimoni. Upana kati ya matairi ni inchi 56, sawa na magari ya farasi ya wakati ule, ili litumbukie kwenye mifereji ileile iliyochimbwa na mikokoteni. Kusini mwa Marekani mikokoteni ilikuwa mipana zaidi, na kwa miaka kadhaa Ford waliwauzia watu wa huko gari la inchi 60. Mtu aliyebuni haya alikuwa anaijua tope. Ni gari lililotengenezwa kwa nchi isiyo na barabara.

Na kweli hazikuwepo. Mwaka 1904 serikali yao ilihesabu barabara zote za vijijini, ikapata zaidi ya maili milioni 2. Zilizokuwa na changarawe, mawe au kitu chochote cha kuzuia tope zilikuwa asilimia 7. Zilizobaki zilikuwa udongo, na nyingi zilitunzwa kwa njia ambayo wazee wetu wangeitambua mara moja: kila mwanamume alidaiwa siku kadhaa kwa mwaka za kwenda barabarani na koleo lake, au alipe. Msaragambo, basi. Na matokeo yake yalikuwa yaleyale, watu wanafika wamechelewa, wanarusha udongo, wanarudi shambani.

Kuna mkulima wa Missouri, D. Ward King, ambaye ningependa jina lake lijulikane Makete. Alitengeneza greda ya gogo. Unapasua gogo katikati, unaunganisha vipande viwili sambamba kwa vipande vya mbao, farasi wanavikokota kwa mshazari mara baada ya mvua, udongo ungali laini. Tope linasukumwa kuelekea katikati, mifereji inafukiwa, barabara inainuka mgongo, maji yanakimbilia pembeni, jua likiwaka inakauka ngumu. Alizunguka majimbo mengi akiwafundisha wakulima wenzake. Hakuna mashine na hakuna mkandarasi. Nimewahi kusubiri greda ya wilaya miezi mitatu kwa kazi ambayo ng'ombe wawili na mti mmoja wangeifanya kwa siku moja, na kusema kweli iliniuma nilipojua.

Wengi wanaamini magari yalikuja na barabara zikafuata. Vijijini mambo hayakuwa hivyo hasa, posta ilitangulia. Mwaka 1896, huko West Virginia, posta ilianza kupeleka barua hadi kwenye mashamba, na mwaka 1902 huduma hiyo ikawa ya kudumu. Njia isiyopitika ilinyimwa huduma. Mkulima aliyezoea kupata gazeti na barua mlangoni hakutaka kurudi nyuma, akaanza kudai barabara. Sheria ya kwanza kubwa ya serikali kuu ya kuchangia barabara, ile aliyotia saini Rais Woodrow Wilson mwezi Julai 1916, ilitenga dola milioni 75 kwa miaka mitano, na ilizungumzia barabara za posta za vijijini. Zege lilikuwa limeshaanza hapahapa Michigan: maili moja ya Woodward Avenue, Detroit, 1909.

Magari ya kwanza, wakulima waliyachukia. Yalikuwa ya matajiri wa mjini. Yalikimbiza farasi, yaliua kuku na kuacha vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Kuna walioweka magogo na waya barabarani. Wengine walikaa na farasi karibu na dimbwi, wakivuta tajiri aliyekwama kwa malipo. (Hili nalo tunalijua.) Model T ilipotoka Oktoba 1908 bei ilianzia kama dola 850. Baada ya kiwanda cha Highland Park kuanza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea, 1913, ikawa inashuka karibu kila mwaka, hadi dola 260 mwaka 1925 kwa lile la viti viwili. Yalipofika 1927 na uzalishaji kukoma, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15.

Na mkulima hakulitumia kwa safari tu. Alipiga jeki gurudumu la nyuma, akafunga mkanda, akapasua kuni, akavuta maji. Sensa ya 1920 ilikuta karibu mashamba 3 katika kila 10 yana gari, wakati yenye maji ya bomba ndani ya nyumba yalikuwa 1 katika 10. Takwimu hiyo nimeifikiria sana. Mke wa mkulima aliyeishi maili nane kutoka kwa jirani, aliyeona watu wa nje ya familia yake Jumapili tu kama mvua haikunyesha, naelewa alichagua nini.

Kilichopotea nacho nakiona kila nikipita vijiji vya huku. Gari lililomtoa mkulima kwake lilimpitisha pia mbele ya duka la kijiji bila kusimama, mpaka mji mkubwa zaidi. Shule za chumba kimoja zilifungwa, watoto wakabebwa kwenda mbali. Majengo yake bado yapo njia panda, mengine sasa ni nyumba za watu.

Kwa anayetaka kwenda: mafunzo ni ya msimu wa joto, si mwaka mzima, na nafasi hujaa, kwa hiyo weka mapema na uulize bei yao ya wakati huo. Leseni ni lazima. Vaa viatu vyembamba, mimi nilivaa buti za kazi na nikawa nagusa pedali mbili kwa mpigo. Mrefu kuliko mita 1.85 ajiandae kukunja magoti. Wenye watoto wasiotimiza umri waje nao hata hivyo, kuna mengi ya kuwaonyesha.

Tuliporudi nilimwomba binti yangu tuiache barabara kuu, tupite za changarawe. Masanduku ya barua yamesimama kwenye nguzo zake pembezoni, shamba baada ya shamba, midomo yote imeelekea barabarani. Alikuwa anaendesha yeye. Akaniuliza fundi yule wa hospitali yuko wapi sasa.

Yuko hai, nikamwambia, na mwishoni mwa kiangazi anakuja Ohio kumtembelea mwanawe. Nimeshamlipia nafasi, kabla msimu haujafungwa.