Uzoefu wangu na wakala wa makaratasi: kumdhamini mume kwa kipato kidogo

Nyota moja, na hiyo ni ya picha za pasipoti, walizipiga vizuri. Kwa fomu ya udhamini, I-864, hawapati hata nusu. Jina la ofisi siliandiki. Ziko nyingi za aina yake huku Marekani, zenye bango la kila huduma: kodi, tikiti za ndege, kutuma pesa, talaka, uhamiaji. Nataka kueleza jambo moja tu walilolivuruga, kwa sababu linamgusa kila anayemfailia mume au mke huku mshahara wake ukiwa wa kuokoteza, na kwa sababu ya sentensi moja niliyotupiwa kwenye simu ambayo mpaka leo ikinijia naona damu inachemka.

Kwanza sheria, maana wao hawakuijua. Tangu Desemba 1997, raia au mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anayemleta mwenzi wake ni lazima atie saini mkataba wa udhamini na serikali. Kipato chake kifike angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha mwaka huo, au asilimia 100 ikiwa ni mwanajeshi aliye kazini. Kwa jedwali la 2025, kaya ya watu wawili, yaani wewe na huyo unayemleta, ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Watatu 33,312, wanne 40,187. Alaska na Hawaii wana viwango vyao vya juu zaidi. Watoto unaowalea wanahesabiwa, na hata mtu uliyemdhamini zamani ambaye mkataba wake haujaisha anahesabiwa.

Usipofika hapo, hujakatazwa kumleta mwenzi wako. Hili ndilo ofisi nzima ilishindwa kulisema kwa lugha ya kueleweka. Kwanza kabisa, mwombaji, yaani yule anayemleta mwenzi wake, anajaza I-864 yake hata kama kipato chake ni sifuri. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuijaza kwa niaba yake, hata tajiri. Kisha pengo linazibwa kwa njia tatu, na kila njia ina karatasi yake.

Ya kwanza ni mtu wa nyumbani. Huyu anajaza I-864A, kipato chake kinajumlishwa na chako, na ninyi wawili mnafika kiwango pamoja. Lakini lazima mkae nyumba moja, na awe mzazi wako, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto wako aliyefikisha miaka 18. Mwingine ni yule uliyemwandika kuwa tegemezi kwenye kodi yako. Binamu hayumo, labda awe tegemezi wako. Shangazi hayumo. Rafiki mnayegawana kodi ya nyumba hayumo.

Ya pili ni mdhamini mwenza. Huyu anaweza kuwa yeyote: binamu, mchungaji, imamu, mfanyakazi mwenzako, mtu asiye na undugu nawe hata chembe, mradi ana miaka 18 au zaidi, ni raia au ana grinikadi, na makazi yake ni Marekani. Anaweza kuishi jimbo lolote. Anajaza I-864 yake kamili, ileile uliyojaza wewe, si I-864A. Na kipato chake hakijumlishwi na chako. Wewe ukiwa na 15,000 na yeye 15,000, mmeshindwa nyote. Lazima yeye peke yake afike kiwango cha kaya yake pamoja na mgeni anayemdhamini.

Ya tatu ni mali, nitaifikia.

Sasa tazama walichofanya. Mimi naishi Minnesota, nasoma na kufanya zamu chache za kuwahudumia wazee. Binamu yangu yuko Texas, anaishi peke yake, ana kazi ya kudumu yenye mshahara unaovuka kiwango bila wasiwasi. Mdhamini mwenza wa kupigiwa mfano. Wakala akamjazia I-864A, ya mtu wa nyumbani. Na kwa kuwa fomu hiyo inataka anwani moja, akamwandikia anwani yangu. Ya kwangu, ya Minneapolis! Nyuma yake akabandika W-2 ya binamu, hati ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, ambayo chini ya jina lake ina mtaa na mji wa Texas. Karatasi mbili za mtu mmoja katika faili moja, zinapingana, na juu ya zote kuna saini inayoapa kwamba yote yaliyomo ni kweli.

Karibu na mwisho wa fomu hizi kuna sehemu ya mtu aliyekuandalia fomu: jina, biashara, saini. Waliiacha tupu. Kwa hiyo mbele ya serikali ni mimi na binamu tuliojaza uongo ule, na ofisi haipo kabisa.

Nilipogundua nikapiga simu. Nilianza kwa adabu zote.

"Samahani kaka, binamu yangu haishi kwangu. Mbona hapa mmeandika anwani yangu?"

"Hiyo ni kawaida, dada. Tunafanya hivyo siku zote."

"Lakini W-2 yake inaonyesha Texas."

"Sikiliza, dada. Mtu wa kipato chako hachagui fomu. Anashukuru akijaziwa."

Mtu wa kipato chako! Sheria ya nchi hii, pamoja na ukali wake wote, imeweka mlango kwa ajili ya mwombaji wa kipato kidogo, imeutengenezea fomu, imeandika maelekezo. Anayenidharau ni mtu niliyemlipa.

Mume wangu alipofika kwenye mahojiano Nairobi, pale Gigiri, ikawa kama ilivyotarajiwa. Akapewa karatasi ya 221(g): viza imezuiliwa kwa muda, ilete I-864 ya mdhamini mwenza, uthibitisho kwamba ni raia au mkaazi wa kudumu, na transkripti ya kodi, yaani muhtasari rasmi wa kodi uliyofaili, ya mwaka wa karibuni. Si mwisho wa dunia. Kesi haifi kwa 221(g) ya aina hii, mnapeleka kilichokosekana na wanaendelea. Ila uchunguzi wa afya kwa kawaida una uhai wa miezi 6, na viza haiwezi kupita hapo. Karatasi ikichelewa, unarudi hospitali na kulipa upya. Hiyo ndiyo gharama ya fomu moja iliyokosewa, na hailipwi na wakala.

Niwe muungwana kidogo. I-130, ombi la mwanzo, waliijaza sawasawa. Ushahidi wa ndoa waliupanga vizuri: cheti, picha za harusi, za ukweni, risiti za pesa za kila mwezi, vyote kwa tarehe. Msichana wa mapokezi ni mpole na anapokea simu. Kama unachotaka ni kupangiwa karatasi na wewe mwenyewe unaijua kazi, pengine wangefika nyota mbili.

Nilikuwa naandika mbili. Halafu nikakumbuka risiti.

Kwenye risiti yao kuna mstari wa "ada ya serikali ya mdhamini mwenza". Hakuna ada kama hiyo. Kesi ikifika Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, unalipa dola 120 za kukaguliwa udhamini na 325 za maombi ya viza. Mdhamini wa pili halipi tena zile 120. Fomu zenyewe ni bure kwenye tovuti ya serikali. Transkripti ya kodi nayo ni bure kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nao wakaitoza kama "kufuatilia". Na hiyo ada ya mdhamini mwenza waliichukua kwa kesi ambayo hawakufaili mdhamini mwenza yeyote. Nyota ya pili ikarudi.

Kwenye fomu yangu mimi pia walitia mkono. Katika hesabu ya kipato walijumlisha mshahara wa mume wangu, mwalimu wa sekondari. Mshahara wa anayekuja unahesabiwa tu ikiwa utaendelea kutoka chanzo kilekile akishakuwa mkaazi wa Marekani. Mwalimu akipanda ndege, mshahara unabaki darasani. Afisa wa ubalozi Nairobi hahitaji kuelezwa hilo.

Wakaongeza na mali: shamba la Kilifi ambalo hati yake bado ina jina la marehemu babu wa mume wangu na mirathi haijafunguliwa. Mali inakubalika, na ya mume inaweza kuhesabiwa pia, hata ikiwa Kenya, lakini iwe yake kwa jina, iwe na thamani iliyothibitishwa, madeni yakishatolewa, na iwezekane kugeuzwa pesa ndani ya mwaka mmoja bila kuwaumiza. Nyumba yenye mkopo inahesabiwa kwa kile kinachobaki. Gari moja unalotumia halihesabiwi, labda uwe na la pili. Akiba ya benki ndiyo rahisi kuliko zote, weka taarifa za miezi 12.

Na hesabu yake si kuziba pengo tu. Mwenzi wa raia anahitaji mali mara tatu ya pengo, mwenzi wa mwenye grinikadi mara tano. Kwa jedwali hilo la 2025, raia mwenye kipato cha 14,000 katika kaya ya watu wawili ana pengo la 12,437, kwa hiyo anahitaji mali ya 37,311. Mwenye grinikadi kwa pengo hilohilo ni 62,185. Asiye na kipato kabisa, akiwa raia, ni 79,311. Wao waliandika thamani ya shamba kwa kukisia, bila ripoti ya mthamini.

Mengine nayaandika haraka kwa wenzangu wa kipato kidogo. Kama ulikuwa chini ya kiwango cha kulazimika kufaili kodi, ambatisha barua yenye saini inayoeleza hivyo. Ukiacha sehemu hiyo tupu unarudishwa. Kinachotazamwa zaidi ni kipato cha sasa, kwa hiyo aliyepata kazi nzuri juzijuzi aweke barua ya mwajiri na hati za mshahara, hata kama kodi ya mwaka jana ilikuwa aibu. Dereva wa Uber au mwenye lori lake, kinachohesabiwa ni faida baada ya gharama. Wengi wanamleta mdhamini mwenza anayejigamba kwa 80,000 kumbe kwenye fomu ya kodi amebakiwa na 14,000. Stempu za chakula, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu maskini) si kipato, ila kuzipokea hakukunyimi haki ya kudhamini. Pensheni ya Social Security na malipo ya kukosa kazi yanahesabiwa.

Kanuni hizi ni za Marekani, na kila nchi ina zake. Uingereza tangu Aprili 2024 wanataka pauni 29,000 kwa mwaka, na ndugu wa kukusainia kama huku hawana. Nalitaja kwa sababu bango la ofisi ile linatangaza nchi zote mbili, na kwa mashauri niliyopewa sijui siku hiyo walikuwa nchi gani.

Kinachoniudhi kuliko fomu ni kwamba binamu hakuelezwa anasaini nini. Walimwambia "ni kama barua ya utambulisho". Ni mkataba. Mume wangu akipokea misaada ya serikali inayotolewa kwa kupima kipato, shirika lililoitoa linaweza kumdai binamu, na mume wangu mwenyewe anaweza kumshtaki amtunze. Unadumu mpaka mume awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au aondoke moja kwa moja na kuacha ukaazi, au mume au binamu afe. Talaka haiuvunji. Tukiachana kesho mimi na mume, binamu bado amefungwa. Akihama, ana siku 30 za kuiarifu serikali kwa I-865. Nilipomweleza haya alinyamaza kwenye simu, halafu akasema, "Dada, nitasaini, lakini ningependa kuyasikia kabla." Ni haki yake.

Wala hawakumuuliza kama amewahi kumdhamini mtu. Angekuwa alimleta mama yake miaka ya karibuni na mama hajawa raia, kaya yake ingekuwa ya watu watatu, si wawili, na kiwango kingepanda mpaka 33,312.

Kwa pesa ileile kuna mahali pengine pa kwenda. Ushauri wa sheria za uhamiaji unaruhusiwa kutolewa na wakili, au mwakilishi wa shirika lisilo la faida aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Mengi ya mashirika hayo hutoza kidogo kwa mtu wa kipato changu, bila kumkumbusha.

Na kama umeshawalipa watu wa aina hii na kesi yako bado iko NVC, usingoje mahojiano. Waombe namba ya kesi, ya Nairobi huanza na NRB, pamoja na namba ya ankara. Ni zako, hawana haki ya kuzificha. Ingia CEAC, tovuti ya serikali ya kesi za viza, mwenyewe ufungue kila faili walilopakia kwa jina lako. Tazama mdhamini wako wa pili amejaziwa I-864 au I-864A. Kama ni I-864, angalia Sehemu ya 1 kama imetiwa alama ya mdhamini mwenza, kama uthibitisho wa uraia wake umo, na kama saini ni ya kalamu na si ya kuchapwa. Mimi mpya nimeipakia mwenyewe, binamu ameisaini huko Texas kwa anwani yake ya Texas. Ofisi wamenitumia ujumbe juzi kwamba wanaweza kunisahihishia kwa nusu bei.